Leza ya kijani inayosukumwa kwa elektroni: uzoefu wangu maabara

Kama shida yako ni mwanga wa kijani tu, usinunue leza hii, ambayo kathodi yake hurusha elektroni ndani ya ombwe ili zipige chipu ya nusu-kipitishi na kuifanya itoe mwanga. Daiodi ya leza ya InGaN (nusu-kipitishi cha indiamu, galiamu na nitrojeni) ya nanomita 520 ni ndogo, inawaka kwa volti chache na haihitaji ombwe. Leza ya kusukumwa kwa elektroni ina thamani pale ambapo kiungo cha p-n (mpaka wa tabaka mbili, p na n, ambao daiodi huhitaji ili mkondo uiwashe) kinasumbua kutengeneza. Jamii ya ZnSe (zinki selenaidi) ndiyo mfano wake: kampuni ya 3M ya Marekani iliiwasha kama daiodi ya leza mwaka 1991, lakini daiodi hizo zilichakaa upesi. Ukiipiga kwa elektroni kutoka nje, huhitaji tabaka la p wala waya wa kupeleka mkondo kwenye chipu. Njia yenyewe ni ya zamani. Mwanafizikia wa Kisovieti Nikolai Basov na wenzake waliitumia kwa CdS (kadmiamu salfaidi) mwaka 1964.

Ninayoitumia ina chipu ya ZnSe yenye tabaka za CdSe (kadmiamu selenaidi) zinazotoa mwanga ndani yake, urefu milimita 0.5 kati ya nyuso mbili zilizopasuliwa zinazofanya kazi ya vioo vya leza, na kathodi ya kilovolti 10. Hapo elektroni hupenya takriban mikroni 0.8, kwa hiyo tabaka linalotoa mwanga limewekwa karibu sana na uso. Wengi hudhani kupandisha hadi kilovolti 20 kutaongeza mwanga. Hapana. Elektroni zitafika mikroni 2.6, na sehemu kubwa ya nishati itaishia chini ya tabaka hilo, ikigeuka joto.

Kwa mstari wa milimita 0.4 kwa 0.5 na mkondo wa ampea 4 kwa sentimita mraba, unapeleka miliampea 8, yaani wati 80 ndani ya kila pigo fupi la elektroni. Ufanisi wa asilimia 5 unakupa wati 4 za mwanga. Usitarajie miujiza zaidi: kila jozi ya elektroni na tundu (nafasi inayoachwa na elektroni) hugharimu karibu eV 8 (elektronivolti, kipimo cha nishati), ilhali fotoni ya kijani ina eV 2.3 tu, hivyo dari la ufanisi liko chini ya asilimia 30.

Hapa ndipo wanunuzi hulalamika bure. Kwa mapigo ya nanosekunde 100, mara 50 kwa sekunde, wastani ni mikrowati 20. Mita ya nguvu ya mwanga inayopima kwa joto haioni kitu, na jicho huona mwanga hafifu. Pima kwa fotodiodi (kihisi cha mwanga) ya kasi iliyofungwa na kizuizi cha omu 50 kwenye osiloskopu. Na miwani ivaliwe: wati 4 za kilele ni wati 4, hata kama ukutani zinaonekana dhaifu.

Kasoro kubwa ya kifaa nilicholetewa ni pampu yake ya mafuta. Mvuke wa mafuta ukipigwa na elektroni huacha utando mweusi wa kaboni juu ya chipu, na mwanga hushuka polepole hadi udhani chipu imekufa. Weka pampu ya turbo yenye pampu kavu (isiyotumia mafuta) nyuma yake, ushushe ombwe chini ya milibari 10⁻⁶ kabla ya kuwasha kathodi. Chipu ilehemiwe kwa indiamu juu ya shaba. Grisi ya kupitisha joto hutoa gesi, usiiguse kabisa. Hakikisha pia uso wa chipu una njia ya umeme ya kwenda ardhini (ethi). Bila hiyo chaji hujikusanya, mwale wa elektroni hupinda pembeni, na utapoteza siku nzima ukirekebisha sumaku za kuuelekeza ambazo hazina kosa.

Mwanga hutoka ukiwa umetawanyika sana katika mwelekeo mmoja kwa sababu tabaka ni jembamba. Tumia lenzi ya asferi (yenye uso usio wa tufe kamili) yenye NA, yaani kipimo cha upana wa mwanga unaokusanywa, ya 0.5 au zaidi, karibu iwezekanavyo na dirisha la chemba ya ombwe.

Mionzi ya eksirei inayotoka elektroni zinapogonga chipu kwa kilovolti 10 huzuiwa na ukuta wa chuma cha pua na dirisha la kioo la milimita chache. Ukiagiza toleo la kilovolti 30, dai dirisha la kioo chenye madini ya risasi, na upime kwa kipima mionzi kabla mtu hajakaa mbele yake.