Catan: gemu ambayo hata zamu ya mwenzio inakuhusu

Kama unapenda gemu za mezani na hujawahi kucheza Catan anzia hapa, na kama umeicheza mpaka umeichoka soma tu, maana mi naiangalia kwa jicho la mtu ambaye na yeye anakaa usiku anakata maboksi na kuchora bodi zake mwenyewe kwa makapeni.

Ilitoka Ujerumani mwaka 1995, mtunzi ni Klaus Teuber, fundi wa meno bandia (ndio, meno!), na mwaka huohuo ikabeba Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya gemu bora ya mwaka. Mnacheza watu 3 au 4. Kisiwa kina vipande 19 vya pembe sita ambavyo unaweza kuvichanganya kila mkianza upya, unajenga barabara, vijiji na miji, wa kwanza kufika pointi 10 kashinda.

Sasa utamu wenyewe. Kila kipande kasoro jangwa kina namba, zikitupwa dadu mbili jumla yake ikawa namba hiyo, basi yeyote mwenye kijiji hapo pembeni anachukua kadi ya mali (tofali, kondoo na kadhalika) ya kujengea, hata kama si zamu yake. Hapo ndo Teuber aliponimaliza. Gemu nyingi ukishacheza zamu yako unashika simu unasubiri, lakini hapa utashikaje simu wakati namba yako inaweza kutoka saa yoyote, halafu mwenye zamu anauliza "nani ana tofali nimpe kondoo wawili", na we tofali unalo na unaona kabisa analitaka ajenge barabara akuzibie njia ya bandari, unampa humpi? Meza nzima inapiga kelele. Na anayeongoza watu wanamnyima biashara wenyewe, hakuna sheria inayosema hivyo.

Kitu kingine ni vile vidoti chini ya namba kwenye matoleo ya sasa. 6 na 8 zina vidoti vitano, 2 na 12 kimoja kimoja. Ni hesabu ya dadu hiyo: matokeo yako 36, matano yanakupa 6, moja tu linakupa 2, ila mchezaji hahitaji kujua yote hayo, anahesabu vidoti anaweka kijiji. Nimeuiba ujanja huu nikauweka kwenye gemu yangu ya mbio za meli na maswali ya wageni yakapungua sana. Saba ndo inatoka kuliko zote na haina kipande, ikitoka mwizi (kidude kinachoziba kipande kisitoe mali) anahamishwa na mwenye kadi za mali zaidi ya 7 anatupa nusu. Wachoyo wanaadhibiwa vizuri tu.

Lawama yangu ni moja kubwa. Unaweza kupanga kila kitu kwa akili, ukakalia 6 na 8, halafu dadu zikaamua leo ni siku ya 3 na 11, na hakuna kinachokufidia, unakaa unaangalia wenzio wanajenga. Mezani kwetu tuna sheria yetu: dadu zikitupwa ukatoka mikono mitupu unapewa kishikizo cha shati, ukifikisha viwili unabadilisha kwa mali yoyote. Ilisaidia ila ikaleta mengine, yaani kuna mtu akaanza kujipanga kwenye namba mbovu makusudi ili avune vishikizo, jamani! Ikabidi tupandishe viwe vinne, ndo gemu ikatulia.

Kadi za maendeleo, zile unazonunua kwa mali, sizisemei sana, ziko sawa, zile 5 za pointi za siri ndo zinazonifurahisha maana mtu anakaa na pointi 8 mezani kimyaaa kumbe keshamaliza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ila kama nyumbani mko wawili tu msinunue, boksi la kawaida halichezeki bila mtu wa tatu.