Kuomba msaada wa serikali za mitaa hapa Tanga: uzoefu wangu, dirisha kwa dirisha

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Eti serikali inawapa pesa wasiojiweza, mtu anaanzia wapi?" Kutoa inatoa. Ila pesa hiyo si ile watu wanayoifikiria, wala haitoki mlango mmoja. Nimezunguka kwenye ofisi hizo kwa ajili ya mama mkubwa wangu, mjane aliyevuka miaka 60, anayekaa Ngamiani na wajukuu wawili. Alikuwa mpika vitumbua hadi magoti yalipogoma. Tulichokwenda kukiomba ni vitu vya kawaida kabisa: kodi ya chumba, unga, maji, umeme, na dawa zake za presha.

La kwanza, usijisumbue kupanda bajaji moja kwa moja hadi ofisi za jiji. Watakupokea kwa heshima, watakupa kiti, kisha watakuuliza barua ya mtaa iko wapi. Huwezi kuruka ngazi. Unaanza na mjumbe, unakwenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, halafu kata. Mjumbe wetu ni mtu mzima anayejua nyumba ipi haijawasha jiko tangu jana, kwa hiyo hapo hapakuwa na kazi. Kazi ilikuwa ofisi ya mtaa, ambayo sitaitaja. Kijana aliyekuwa mezani aliandika barua vizuri tu, akashika muhuri, kisha akasema, "Dada, na ya karatasi." Nikamwambia sawa, nipe namba ya malipo ya serikali nilipe kwa simu. Akanitazama, akagonga muhuri, akaita anayefuata. Jueni hivyo: malipo halali ya serikali siku hizi huja na namba yake ya malipo na risiti. Kisichokuwa na namba ni chai ya mtu.

Sasa dirisha la kwanza, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Huku mtaani kila msaada unaitwa TASAF, lakini hasa wanaokusudia watu ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule ulioanza mwaka 2013 na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Wanaoupata wanaitwa walengwa, na malipo huja kwa vipindi vya miezi miwili miwili. Wenye watoto wana masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mkubwa aende shule. Kuna pia kazi za muda za kujenga miundombinu ya jamii kwa kaya zenye watu wenye nguvu.

Mpango huu hauna fomu unayokwenda kuichukua dirishani. Majina yanatoka kwenye mkutano wa hadhara wa wananchi, ndio wanaotaja kaya wanazoona ni maskini kuliko nyingine, kisha wanakuja watu na dodoso kuhakiki. Sisi tulipofika tukaambiwa orodha ilishafungwa, tusubiri utambuzi mwingine. Mtendaji aliandika jina la mama mkubwa kwenye daftari lake. Daftari hilo lina uzito gani, mimi mpaka leo sijaelewa, na nadhani hata yeye hajui.

Niseme hapa ninachokiona mimi. Utaratibu huu ulikatwa kwa kipimo cha kijijini. Kijijini maskini anaonekana kwa paa lake, na mkutano ukiitwa wote wanajuana. Mjini kwetu maskini anapanga. Mama mkubwa analala chini ya bati zuri na juu ya sakafu ya saruji, na taa inawaka, lakini bati ni la mwenye nyumba, sakafu ni ya mwenye nyumba, na hiyo taa wanachangia wapangaji wote. Dodoso likiuliza paa ni la nini na sakafu ni ya nini, yeye anatokea mtu mwenye nafuu. Hakuna anayedanganya, maswali ndiyo hayamuoni.

Halafu kuna aibu. Mwanamke wa Ngamiani aliyeishi kwa sitara miaka yote, anayevaa baibui lake akatoka kama wengine, hawezi kusimama mkutanoni akasubiri atajwe kuwa fukara mbele ya watu aliokuwa akiwauzia vitumbua. Nilimwambia mama mkubwa, mkutano ukiitwa tutakwenda wote. Akanijibu, "Mwanangu, wewe nenda. Mimi nitakuwa na kichwa siku hiyo." Tarehe hata haijatangazwa, kichwa kishapangwa.

Dada yake yuko Pemba, amevuka 70, na wakiongea kwenye simu hamwachi salama. Zanzibar ina pensheni jamii tangu 2016, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Hakuna kutajwa mkutanoni, hakuna kuulizwa bati, ni umri na ukaazi. "Hama huko, njoo huku tule pensheni," anamwambia. Mama mkubwa anasema yeye na bahari ya Pemba hawaelewani.

Dirisha la pili ni mikopo ya asilimia kumi. Kila afisa tuliyekutana naye alitusukuma huko, na kwa haki niseme mikopo yenyewe si mibaya. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha nyingi zilizokopeshwa na kutorudi, na vikundi hewa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ukiwa na kikundi kilichosajiliwa, kina katiba na akaunti, na mna biashara inayotembea, nendeni. Mimi ni fundi cherehani na nimeshawaambia wenzangu tujipange. Lakini kumwambia ajuza asiyeweza kuchuchumaa mbele ya jiko kwamba shida yake ya unga itatatuliwa na mkopo ni kumwongezea deni juu ya njaa. Nilimuuliza afisa mmoja marejesho atayatoa wapi. Akasema, "Kikundi kitambeba." Kikundi gani kitakubali kumbeba hakusema.

Dirisha la tatu ndilo lililotuokoa, na hakuna aliyetuelekeza, tulilikuta tu: Ustawi wa Jamii. Afisa alikuwa dada mdogo kwangu, faili zimejaa hadi kwenye kiti cha mgeni. Alimwamkia mama mkubwa shikamoo kabla ya kuuliza shida, akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema pesa taslimu hana na hatatudanganya. Akauliza, "Bibi, dawa unanunua kwa shilingi ngapi?" Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na kwa utaratibu wa misamaha, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Msamaha unahitaji barua ile ile ya mtaa, picha ndogo, na uthibitisho wa umri. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ilimaliza ubishi wa umri, maana cheti cha kuzaliwa mama mkubwa hana, na mwaka wake wa kuzaliwa familia inauhesabu kwa mafuriko na vifo.

Tangu apate kitambulisho cha msamaha, kumwona daktari ni bure na vipimo ni bure. Dawa ni bure zikiwepo, na kuna miezi hazipo, unaandikiwa ukanunue duka la dawa. Foleni ya wazee nayo inategemea nani yuko zamu: wengine wanampitisha, wengine wanamwambia akae na wenzake. Hata hivyo pesa iliyokuwa ikiishia kwenye presha sasa inanunua unga na maharage, na hiyo kwa nyumba ile ni tofauti inayoonekana mezani. Kodi bado tunabanana, inatoka kwenye upatu wangu na zaka ya msikitini, ambako hawakuomba muhuri wala dodoso. Ada ya shule haitusumbui kwa kuwa hailipwi tangu 2016, ila sare, madaftari na michango midogo midogo havina dirisha.

Nikipima kila dirisha kwa nyota tano: ofisi ya mtaa mbili, moja ni ya mjumbe. TASAF kwa mpangaji wa mjini, moja na nusu, ingawa kuna kaya nawajua ambao watoto wao wamebaki shule kwa sababu yake, na hao wangeniambia nne. Mikopo ya asilimia kumi, tatu na nusu, kwa mwenye nguvu tu. Ustawi nne. Ningewapa tano kama wangekuwa na watu wa kutosha, na kama ofisi nyingine zingekuwa zinawataja.

Ukienda usiseme "naomba msaada", kwa sababu jibu la neno hilo ni "subirini". Taja kitu: msamaha wa matibabu ya mzee, au kuandikishwa kwenye utambuzi wa kaya, au utaratibu wa mkopo wa kikundi. Beba nakala za barua zaidi ya moja kwa kuwa kila meza inabaki na yake, na upige picha kila karatasi kwa simu kabla hujaiachia. Ustawi nendeni asubuhi mapema. Ikifika mchana mara nyingi wameshatoka kwenda mitaani kwa kesi za watoto na ndoa, na mlango unakuta umefungwa.