Mwongozo wa Udahili wa TCU: Unamfaa Kiasi Gani Anayetaka Kusoma Kiingereza?

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza. Yako matoleo mawili: moja la waliomaliza kidato cha sita, la pili la wenye stashahada na sifa nyingine linganishi. Yote ni ya bure kwenye tovuti ya Tume. Hapa tunaupima kwa jicho la msomaji mmoja tu, yule anayetaka kusoma Kiingereza chuo kikuu. Kumwambia nani anaruhusiwa kuingia, mwongozo unaweza vizuri. Kumwambia atasoma nini akishaingia, hauwezi kabisa.

Tuanze na unachokiweza. Kila programu ina mstari wake kwenye jedwali, na safu ya kusoma neno kwa neno ni ile ya sifa za kuingia. Inataja masomo, haitaji tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita), na hilo ni jema kwa sababu tahasusi mpya zilizotangazwa mwaka 2024 hazitauvuruga. Alama zinahesabiwa hivi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni 0.5. Kiwango cha chini cha jumla kwa mtu wa kidato cha sita ni ufaulu wa prinsipali mbili (yaani alama kuanzia A hadi E) zenye pointi 4.0. D mbili zinafika hapo, na C moja na E moja pia zinafika.

Wengi hukwama kwenye hesabu hii. Pointi zinazohesabiwa ni za masomo yaliyotajwa kwenye mstari wa programu, si za masomo yako mazuri kuliko yote. Chukua mwanafunzi wa HKL mwenye B ya Historia, A ya Kiswahili na S ya Kiingereza. Ana pointi 9 kwa masomo mawili ya kwanza, anaonekana yuko salama. Lakini S si prinsipali, kwa hiyo programu yoyote inayosema lazima moja ya prinsipali iwe Kiingereza imefungwa kwake, hata kama nafasi zimebaki. General Studies nayo haihesabiwi kamwe. Na hizo 4.0 ni sakafu tu: chuo kinaweza kudai zaidi, na waombaji wakizidi nafasi, wenye pointi nyingi hutangulia.

Mwenye stashahada afungue toleo lake, asikisie kutoka lile la kidato cha sita. Huko kipimo ni GPA, yaani wastani wa alama za stashahada, ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na chuo kitamdai namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Aiombe kabla dirisha la maombi ya udahili halijafunguliwa. Waombaji wakishakuwa wengi, kusubiri namba hiyo kunaweza kumla siku zote za awamu ya kwanza.

Sasa udhaifu. Mwongozo unampa mwombaji jina la programu na kumwachia hapo, na kwa Kiingereza jina ni mtego. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya Kiingereza kwa jina hilohilo. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utakuta shahada ya taaluma za lugha upande mmoja na ya fasihi upande mwingine, kila moja na idara yake. Kisha kuna shahada za sanaa na ualimu, ambazo hutolewa pia na vyuo vishiriki vya Mlimani, DUCE (Dar es Salaam) na MUCE (Mkwawa, Iringa), ambamo Kiingereza ni somo moja kati ya mawili ya kufundishia. Kwenye jedwali zote zinafanana: miaka mitatu, prinsipali mbili. Darasani ni vitu tofauti kabisa.

Anayeingia upande wa lugha atashinda na fonetiki, fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki na isimujamii, yaani sauti, muundo wa maneno na sentensi, maana, na lugha katika jamii. Atachora miti ya sentensi. Riwaya huenda asiiguse muhula mzima. Wa fasihi atasoma ushairi, tamthilia, riwaya na nadharia za uhakiki, na vitabu atakavyotakiwa kuvimaliza kwa muhula mmoja vitamshtua kama alizoea vile vichache vya mtihani wa kidato cha sita. Mgawanyo huu una historia katika ukanda wetu. Mwaka 1968, Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati badala ya ile ya Uingereza. Ndiyo maana mtu anayetafuta riwaya chini ya neno “Kiingereza” mara nyingi huzikosa: ziko chini ya “Fasihi”.

Shahada ya ualimu ina hesabu yake. Shahada ya miaka mitatu ina krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zisizopungua 360, na hapo zinagawanywa kati ya ualimu wenyewe (saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji, mazoezi ya kufundisha shuleni) na masomo mawili. Kiingereza kinapata kipande tu. Kwa anayetaka ajira ya shule hili ndilo chaguo la moja kwa moja. Anayependa lugha yenyewe bora achukue shahada isiyo ya ualimu, kisha akitaka kufundisha aongeze stashahada ya uzamili katika elimu, kwa kawaida mwaka mmoja. Matangazo ya ajira za walimu serikalini yamekuwa yakizikubali njia zote mbili.

Na yule anayetaka tu kuzungumza Kiingereza bila kigugumizi? Hakuna programu yake humu. Shahada ya lugha huchambua Kiingereza, haikufundishi kukizungumza. Wahadhiri huanza wakidhani tayari unacho. Huyo atafute kozi fupi ya mazungumzo, atumie shahada kwa fani nyingine.

Dawa ya pengo hili la kutojua utasoma nini ni prospektasi ya chuo husika, kile kitabu kinachoorodhesha kozi zake. Ukishachuja kwa mwongozo ukabaki na programu tatu au nne, fungua prospektasi, tafuta orodha ya kozi za lazima za mwaka wa kwanza na wa pili, uhesabu zipi ni za sarufi, zipi za fasihi, zipi za ualimu. Stadi za mawasiliano usizihesabu. Hizo husomwa na karibu kila mtu chuoni. Angalia pia kama kozi za hiari zinaruhusu kuvuka kwenda idara nyingine, maana ndiyo njia ya kupata lugha na fasihi kwa pamoja.

Kasoro nyingine: mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza. Mzazi aliyeishia darasa la saba, ambaye ndiye atakayelipa, hawezi kuufuatilia bila mwanawe kumtafsiria, na mwana ana sababu zake za kutafsiri anavyopenda. Tungependa toleo la Kiswahili. Mambo ya mkopo pia usiyatafute humu. Yana mwongozo wake wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wenye vigezo na tarehe tofauti.

Hakikisha toleo ulilonalo ni la mwaka huu, lililopakuliwa tovutini, si faili lililozunguka WhatsApp tangu mwaka jana, kwani sifa hubadilika. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi, ndani ya muda uliotangazwa. Laini uliyojaza kwenye fomu iwe yako na iwe hewani, si ya binamu anayebadilisha namba kila mwezi.