Cheti cha utalii endelevu kwa kampuni ndogo: uzoefu wangu na Travelife hapa Moshi

Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi iko Moshi mjini. Ofisini tupo sita, na msimu ukichanganya tunaita wapagazi, ambao mlimani tunawaita wagumu, hata sitini kwa wiki. Kwa miaka mingi tovuti yetu ilisema tunatunza mazingira na tunalipa watu vizuri, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote. Kisha wakala wetu wa Ujerumani akaniuliza kwa barua pepe ya mistari miwili: mna cheti gani kinachothibitisha hayo?

Hakuwa ananisumbua bure. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, inaanza kutumika 27 Septemba 2026, kwamba huwezi kumwonyesha mteja nembo ya "endelevu" kama nyuma yake hakuna mfumo wa uthibitisho au haikutolewa na mamlaka ya umma. Mawakala wa kule wanaanza kuuliza mapema. Kama wageni wako wengi wanatoka Ulaya, swali hilo litakufikia na wewe.

Tulichagua Travelife, ile ya kampuni za utalii yenye makao Uholanzi. Ina ngazi tatu, Engaged, Partner na Certified, na hiyo ndiyo iliyonivutia kwa sababu unapanda kwa pumzi yako. Unateua mtu wa ofisini kuwa mratibu, anasoma kozi mtandaoni na kufanya mtihani. Mimi nilimteua mhasibu wetu, na kama kuna uamuzi mmoja ninaojivunia katika safari hii yote ni huo, maana ngazi ya juu ina vigezo zaidi ya 200 na karibu kila kimoja kinaomba ushahidi. Mhasibu ndiye anayejua karatasi zilipo.

Tulipokosea ni mwanzoni. Tulimlipa mshauri mmoja atuandikie sera. Alituletea faili nene, nzuri kwa macho, na mle ndani kulikuwa na ukurasa mzima kuhusu maji ya bwawa la kuogelea. Sisi hatuna bwawa. Tuna vyumba vitatu na stoo ya mahema. Pesa ile ilipotea. Sera tulizotumia mwishoni ziliandikwa na sisi wenyewe, kwa Kiswahili kwanza, tukikaa na wapishi na madereva, ndipo zikatafsiriwa.

Upande wa umeme na maji kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Mhasibu alileta boksi la viatu lenye risiti za LUKU na bili za maji za miezi kumi na nne, akazipanga mezani kwa mwezi, na hapo tukaona kwamba friji kuukuu ya stoo ilikuwa inakula umeme hata miezi ambayo hatuna mgeni. Tukaizima. Mafuta ya magari tuliyaandika kwenye daftari la kila dereva. Taka za mlimani tayari hifadhi inazipima, kwa hiyo tulitunza tu zile karatasi.

Kigezo cha kulinda watoto kilituuma. Tulikuwa na kawaida ya kuwapeleka wageni kwenye kituo cha yatima baada ya kushuka, wanapiga picha, wanaacha peremende na dola kidogo. Tuliona ni wema. Tulipojiuliza nani alimwomba mtoto ruhusa ya picha ile, hakuna aliyekuwa na jibu. Ziara hiyo tumeiondoa, na wageni sasa tunawapeleka Materuni kwenye kahawa, ambako mwenye shamba anapanga bei yake mwenyewe.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni malipo ya wagumu. Kwa ngazi ya juu mkaguzi huja mwenyewe ofisini. Nilimpa karatasi ya malipo ya msafara wa Machame, siku saba, shilingi 20,000 kwa siku, kila jina na sahihi yake: 140,000. Akachagua majina matatu bila kuniuliza, akaomba namba, akapiga simu mbele yangu. Wa pili, kijana ninayemfahamu vizuri, alisema alipata 105,000. Nyingine ilibaki kwa kiongozi wa msafara, "ya kuitwa kazini."

Nilisikia aibu ambayo sijui niilezeje. Sahihi zote zilikuwepo, na mimi nilikuwa natoa fedha taslimu mkononi mwa mtu mmoja pale geti la Mweka na kurudi mjini nikiwa na amani. Nilipomwita kiongozi yule hakukana. Aliniambia mshahara wake nauchelewesha mpaka mwisho wa msimu, naye ana watoto shule. Alisema kweli. Wote wawili tulikuwa tunakula kwa yule anayebeba.

Tulirekebisha mambo mawili: viongozi wanalipwa ndani ya siku mbili baada ya kushuka, na kila mgumu analipwa moja kwa moja kwenye simu yake, ofisi ikibeba gharama ya kutuma. Pia tulijiunga na KPAP, mradi wa kutetea maslahi ya wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wapo hapa hapa Moshi tangu 2003. Hawatozi kampuni ada yoyote. Mgumu mmoja kwenye msafara huwapa taarifa: mlikula mara ngapi, hema lilivuja au halikuvuja, mzigo ulizidi kilo 20 au haukuzidi, mlilipwa lini. Kwa kampuni ya mlima ningesema anza huko, kisha uende Travelife. Sisi tulifanya kinyume, tukajua ukweli wetu mbele ya mkaguzi.

Mpaka kukipata cheti ilituchukua mwaka mmoja na miezi saba. Ada yenyewe inafuata ukubwa wa kampuni, haikutuumiza; kilichokula ni muda wa mhasibu, kama siku moja kila wiki. Usitegemee simu zianze kulia kwa sababu ya nembo. Wageni wachache sana wameitaja. Yule wakala wa Ujerumani ameendelea na sisi, na mwaka huu ametuongezea misafara miwili.

Wagumu wanaotuomba kazi wameongezeka, na wanakuja ofisini wenyewe badala ya kupitia kwa mtu. Kijana yule wa simu bado anapanda na sisi. Sasa ni msaidizi wa mpishi.

Cheti kinadumu miaka miwili. Chetu kinaisha mwezi wa pili, na mhasibu ameshafungua boksi jingine la viatu.