Uzoefu wangu: ripita ya redio mbili za mkono juu ya paa, Nyali, Mombasa

Hiki kiboksi nimekaa nacho miezi minne sasa na nimeona niandike, manake nilipokuwa nataka kununua sikupata mtu wa kunielezea kwa Kiswahili. Kinaenea kiganjani, kina waya mbili, kila waya unaishia kwa zile pini mbili za kuingiza kwa redio ya mkono kama Baofeng UV-5R. Redio moja inasikiza, kiboksi kinachukua ile sauti, kinaipeleka kwa redio ya pili na kuibonyezea PTT (kile kitufe cha kuongea), ya pili inarusha upya. Ripita ndio hiyo. Mie kilinitoka kama elfu nne na kuletewa.

Shida yetu ilikuwa baiskeli. Tuko watano, sote tuna leseni ya redio za ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, na Jumapili alfajiri twatoka Nyali twapita Bamburi, Shanzu, mpaka Mtwapa. Wa mbele na wa nyuma wakiachana kilomita tatu tu basi, hamsikizani tena. Pwani yetu ni tambarare, redio ukiishika kifuani mita 1.5 kutoka chini upeo wake ni kilomita 5 hivi, na hapo bado hujahesabu magorofa na minazi. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Sasa paa la mita 25 linakupa kama 20! Ndio nikaenda kumuomba mwenye jengo anipe pembe pale karibu na tangi la maji, na Mungu ambariki alinikubalia.

Aliyeniuzia aliniambia weka redio zote mbili UHF (masafa ya juu, megahezi 400 na kitu), ziachanishe megahezi 5, mambo yataenda. Hayakwenda kabisa. Redio ya kurusha ikiwaka tu ile ya kusikiza inakuwa kiziwi, hata mtu aliye barabara ya chini hapo hapo haingii. Nikazitenganisha mita mbili, tatu, nne, wapi. Ripita kubwa zinaweza kwa sababu zina duplexa, yale makopo ya chuma yanayochuja masafa, na makopo hayo ni mazito tena bei yake yapita redio zote ulizonazo, kwa hivo mtu akikwambia kiboksi pekee kinatosha kwenye bendi moja usimsikize. Hapa ndio nilimlaumu sana muuzaji manake nilipoteza wiki mbili nzima.

Dawa yake ni bendi mbili. Kusikiza VHF (masafa ya chini yake, megahezi 145 hivi), kurusha UHF. Mwanzo niliweka kinyume, kurusha 145 na kusikiza 435, nikashangaa mbona inajisikia yenyewe, kumbe 145 mara 3 ni 435, ile hamoniki ya tatu ya VHF, yaani mabaki ya mawimbi yanayotoka kwa mara tatu ya masafa unayorusha, yaangukia pale pale. Nikageuza na toka siku hiyo imetulia. Redio zetu za kutembea nazo nimezipanga kwa programu ya CHIRP, kwa sehemu ya duplex nachagua split, chaneli moja inarusha VHF na kupokea UHF, na toni ya 88.5 juu yake (sauti nzito ya hezi 88.5 inayokwenda pamoja na maneno, bila hiyo redio ya kusikiza haifunguki) ili kelele za mtaani zisiifungue ripita bure.

Kiboksi hiki hakina akili ya kujua redio imepokea, kinangoja sauti. Kwa hivo maneno ya mwanzo yanakatwa, mwenzangu alisema "tumefika Mtwapa" mie nikasikia "pwa". Nilichofanya: redio ya kusikiza menyu namba 3 ile ya kuokoa betri nimezima, namba 7 ya kusikiza masafa mawili nimezima, volyumu nimeiweka nusu, na sote tumezoea kubonyeza, kuhesabu moja, ndio uongee. Volyumu ukizidisha sauti inapasuka, ukipunguza ripita inakatika mtu akiwa katikati ya neno. Nusu ya kitufe, na nimepiga alama ya wino mweupe hapo.

Nguvu weka ndogo, wati 1. Siku ya kwanza niliiacha kwenye nguvu kubwa, watu wakaongea mfululizo na nilipopanda paani redio haishikiki kwa moto, kosa langu mwenyewe, redio ya mkono haikuundwa kurusha saa nzima na jua la saa saba limeipiga. Sasa zote ziko ndani ya kontena ya plastiki niliyoitoboa matundu kwa chini, kivulini mwa tangi, na umeme zaupata kwa betri ya volti 12 ya UPS kupitia zile betri bandia zinazopunguza volti. Wati 1 kutoka juu inashinda wati 5 kutoka barabarani, nimeona kwa macho yangu.

Antena nimetengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba wa umeme, sentimita 49 ya VHF na 16 na nusu ya UHF, kila moja na miguu minne chini. Kebo ya antena fanya fupi iwezekanavyo, ile nyembamba ya aina ya RG-58 ya mita 10 inakula zaidi ya nusu ya nguvu kwenye UHF. Na chumvi jamani! Wiki mbili tu viungio vilikuwa vimefanya kutu ya kijani, nikavisugua, nikapaka grisi ya silikoni, nikafunga utepe wa mpira.

Kitu kimoja nakiomba sana kwa mtu wa hapa: kaa mbali kabisa na masafa ya meli. Bandari ya Kilindini iko mlangoni petu na chaneli 16, megahezi 156.8, ndio watu wa baharini wanaitia msaada, na UV-5R yaweza kurusha pale kwa kukosea namba moja tu. Hakikisha kabla hujawasha.

Kiboksi nampa nyota tatu kwa tano, bendi mbili kiko sawa, bendi moja hapana. Jumapili iliyopita nilikuwa nimebaki nyumbani na homa, saa kumi na mbili na nusu nikawasikia wazi kutoka daraja la Mtwapa, tairi limepasuka na wanauliza nani ana pampu.