Bodi ya PCM5102A: miezi minne na kayamba za kwaya yetu

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika hapa Moshi, na kilichonisukuma kutafuta bodi hii ni kayamba. Kwenye CD zetu za zamani zilikuwa zinasikika kama mchele unaomwagwa kwenye sinia: mlio upo, lakini mtikiso mmoja huutofautishi na mwingine. Muziki wote nilikuwa nimeuhamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na amplifaya nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu lake la hedifoni. Nikaagiza bodi ndogo yenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments, inayobadilisha namba za dijitali kuwa umeme wa sauti.

Wiki ya kwanza nilivunjika moyo. Nyimbo zilitoka na chenga, na wakati mwingine kimya kabisa. Nikaipeleka kwa fundi redio wa Majengo, akaitazama chini ya taa, akaniambia, “Mwalimu, chipu nzima hii. Hapa kwenye SCK hawajaunga risasi.”

Kumbe SCK ni mguu wa chipu wa kupokea saa, yaani mapigo yanayoiongoza. Ukiungwa na graundi, chipu hujitengenezea saa yake kutokana na waya wa BCK, unaoleta mapigo ya biti za muziki. Ukiachwa unaning’inia, unadaka kila kelele na chipu inachanganyikiwa. Tone moja la risasi, chenga zikaisha. Ukinunua, angalia hapo kwanza, kisha geuza bodi uhakikishe XSMT, mguu wa kunyamazisha, imeungwa upande wa H (umeme wa juu), si L (graundi). Ikiwa L, chipu inanyamaza.

Jioni ile ndipo nilipogundua kwamba wimbo wetu wa tatu una kayamba mbili, moja kila upande. Nimeufundisha wimbo huo miaka mingi.

Fundi alinieleza pia kazi ya chujio lililomo ndani, na hapo ndipo nilipoipenda chipu yenyewe. CD inahifadhi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Sampuli hizo zikigeuzwa kuwa umeme zinazaa pia vivuli vya sauti huko juu: sauti ya kilohezi 15 (mitetemo 15,000 kwa sekunde) inaleta kivuli kwenye 29.1, yaani 44.1 toa 15. Sikio halikisikii, ila amplifaya inakipokea na inaweza kukichanganya na muziki. Shida ni kwamba sauti ya kilohezi 20 tunaitaka, na kivuli chake kiko 24.1 tu. Kukata kwenye mwanya mwembamba hivyo kwa koili na kapasita ni kazi ngumu. Sony waliifanya kwenye mashine yao ya CD, CDP-101 ya mwaka 1982. Philips wakapita njia nyingine: wakazidisha sampuli mara 4, zikafika kilohezi 176.4, vivuli vikasogea mbali.

PCM5102A inafuata njia hiyo na kwenda mbele zaidi. Kwa muziki wa CD inazidisha mara 8: kati ya kila sampuli mbili inakokotoa nyingine 7, mwendo unafika kilohezi 352.8. Vivuli vilivyokuwa karibu chujio la hesabu limeshavifuta, na vilivyobaki huko mbali vinamalizwa na rezista na kapasita ndogo.

Machujio yenyewe ni mawili, unachagua kwa mguu wa FLT. Ikiwa L, masafa yote yanacheleweshwa sawasawa, ila mlio wa ghafla kama wa kayamba unapata viwimbi vidogo kabla na baada yake. Ikiwa H, ucheleweshaji unapungua na viwimbi vinafuata nyuma ya mlio. Nilitaka sana kuisikia tofauti hiyo. Fundi akaniwekea swichi, binti yangu akawa anabadilisha bila kuniambia. Mara 12, nikapatia 7. Hiyo ni bahati tu, kwa hiyo nimeiacha L, na simshauri mtu anunue bodi ya bei kubwa kwa sababu ya orodha ndefu ya machujio. Kilichozifungua kayamba zangu ni kuachana na lile tundu la Pi, pamoja na lile tone la risasi.

Usichomeke hedifoni moja kwa moja kwenye bodi hii. Bodi inatoa volti 2.1, zinazoitosha amplifaya yoyote ya nyumbani, lakini inataka mzigo usiopungua omu 1,000, na hedifoni nyingi zina 32 tu. Nilijaribu mara moja: besi ilikosa nguvu na sauti za alto zikakwaruza.