Horta, mwisho wa safari ya Atlantiki: uzoefu wangu kama baharia wa yoti

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibana kwa sababu ya msongamano wa Mei na Juni. Mengine yote safi: sijaona marina (bandari ya yoti) inayowafaa watu waliotoka kuvuka bahari kama hii ya Horta, kisiwani Faial, kwenye visiwa vya Azores vya Ureno. Yoti nyingi zinazotoka Karibiani kurudi Ulaya hupita hapa, maili za baharini kama 1,800 kutoka Bermuda, au 2,200 hivi ukitokea Saint Martin. Marina ilifunguliwa mwaka 1986. Ofisi, dizeli, bafu, duka la vyakula na fundi wa matanga vyote unavifikia kwa miguu, na kwa watu waliokuwa wakilala vipande vya saa tatu tatu kati ya zamu, hilo si jambo dogo.

Ila mapokezi yako yatakuwa mazuri au mabaya kutegemea ulivyojiandaa kabla ya kufika. Anza na dizeli. Eneo hili ndilo makao ya mgandamizo mkubwa wa hewa wa Azores, kwa hiyo siku za mwisho mara nyingi ni shwari tupu na lazima uwashe mashine. Yoti ya futi 40 hunywa lita 3 hivi kwa saa ikienda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Lita 200 ni saa 66, sawa na maili 330, si zaidi. Wanaoichoma mapema kwa pupa huishia kuutazama mlima Pico wa kisiwa jirani cha Pico (mita 2,351, kilele hutokeza juu ya mawingu kabla hujaiona Faial yenyewe) bila kuweza kuufikia. Bakiza lita 30 tankini. Sababu si mwendo tu: tanki likikaribia kukauka, uchafu wa chini hupanda na kuziba filta, na mashine hukuzimikia pale pale mlangoni mwa bandari. Filta ya akiba iwe mkononi, si chini ya godoro.

Ukija kutoka magharibi usiku, usiutafute mnara wa taa wa Capelinhos, ulioko ncha ya magharibi ya Faial. Jengo lipo, ila taa haiwaki. Volkano ya 1957–58 ilifukia sehemu yake ya chini kwa majivu. Zunguka kusini, uache kilima cha Monte da Guia kushoto kwako, ndipo uingie mlango wa bahari kati ya Faial na Pico. Upepo hubanwa humo na unaweza kukushtua baada ya siku za shwari, kwa hiyo punguza tanga kuu mapema, au litue kabisa.

Nje ya bandari, mashine ikiwa imepata moto, jaribu rivasi. Hakuna aliyeigusa tangu mtoke Karibiani, na kebo ya gia iliyokaa wiki kadhaa kwenye chumvi hugoma. Fungua nanga: wengi huifunga kwa kamba na kuziba tundu la mnyororo ili maji yasiingie, halafu husahau. Fenda zote (maboya ya kukinga ubavu) na kamba nne ziandaliwe pande zote mbili, maana hujui utaelekezwa ubavu upi. Tweka bendera ya njano ya Q, ya kuomba kibali cha kuingia, upande wa kulia na uite marina kwenye redio ya VHF, chaneli 10. Ukifika ofisi zimefungwa, tia nanga ndani ya bandari mlale, mtaingia asubuhi. Saa za huko wakati wa kiangazi ni sawa na UTC, saa za kimataifa.

Gati la mapokezi ndilo hilo hilo la dizeli. Nahodha anashuka na pasipoti za wote, cheti cha usajili wa chombo, bima, orodha ya mabaharia na kibali cha bandari mliyotoka. Watumishi ni wapole na hawana haraka. Kwa wenzangu wenye pasipoti za Kenya au Tanzania: Azores imo kwenye Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza iwe tayari kabla ya kupanda chomboni, usitegemee kuipata gatini. Na ukishuka kabisa, hakikisha jina lako limeondolewa kwenye orodha ya mabaharia. Nahodha akiondoka nalo, wewe na yeye wote mna tatizo.

Sasa hiyo nyota iliyopungua. Nafasi ni 300 hivi, na wimbi la yoti za Mei huzijaza zote. Unaambiwa ujifunge ubavuni mwa mwenzako ukutani, tatu au nne kwa mpigo. Upepo ukitoka kaskazini-mashariki maji ya ndani huchezacheza, na hapo ndipo vitu huvunjika. Dawa yake ni mbili. Pisha milingoti, mmoja mbele kidogo, mwingine nyuma, ili ile mikono inayotanua waya isigongane yoti zikiyumba. Kisha peleka kamba zako mwenyewe hadi nchi kavu, ya mbele na ya nyuma; ukining'inia kwa jirani tu, klampu zake za kufungia kamba ndizo zinazobeba uzito wa yoti tatu. Ukivuka sitaha ya mtu, pita mbele ya mlingoti, bila viatu. Bei haipungui kwa sababu umebanwa, jambo ambalo naona si haki.

Picha ambazo mabaharia huchora kwenye kuta za bandari ni mila: chombo kisichoacha picha hupatwa na mkosi, ndivyo wanavyosema. Nunua rangi ya nje mjini. Tafuta mahali ambapo picha imekwisha kufifia, usifunike inayosomeka. Sugua saruji kwa brashi ya waya, ifute vumbi, pakaza nyeupe na uiache ikauke hadi kesho yake. Ukipaka juu ya saruji yenye unyevu inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Mvua za Azores haziombi ruhusa, kwa hiyo anza asubuhi. Jina la chombo, mwaka, majina ya mabaharia, basi.

Peter Café Sport, mkahawa wa mabaharia uliopo tangu 1918, ni msongamano mwingine, lakini ubao wake wa matangazo bado ni mahali pazuri pa kutafuta chombo cha kwenda Lisbon au Brest.

Kuhusu tiketi ya ndege: nunua inayobadilishika. Uwanja wa Faial una njia fupi, na ukungu au upepo wa ubavu hufuta safari. Ikitokea hivyo, feri ya kwenda Madalena, kisiwani Pico, ni nusu saa tu, na kule kuna uwanja mwingine.